Bandi ya Miaka Minane

Tarehe 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na miguu, bado inavimba ukikaa sana kwenye cherehani? Mimi mzima, baridi ya huku imeanza kulegea na mafua yameniachia. Mwambie mwanangu Pini kwamba simu ya Jumapili ilikatika yenyewe, sikuikata mimi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu tukiongea kwenye simu Pini huwa amekubandikia sikio, na hili nataka ulisikie wewe kwanza. Kaa chini. Umekaa? Wamenipa mkataba wa kudumu! Kazi yangu unaijua: tunajenga vibanda vya maonyesho ndani ya ukumbi mkubwa, watu wanakuja siku tatu kutazama magari au majiko, kisha tunabomoa kila kitu tunaanza upya. Mimi nilikuwa wa kutandika zulia. Sasa nimewekwa stoo, natunza mbao na taa, na nina karatasi yenye muhuri inayosema mimi ni wa hapa. Maana yake naruhusiwa kumleta mwanangu.

Nimeshapata nyumba ya vyumba viwili. Chumba chake kina dirisha linalotazama uani, na uani kuna bembea. Nimemnunulia kitanda chenye droo chini. Nitakuja mwezi wa nane, shule zikifungwa, nimchukue.

Dada, sijui nikushukuru vipi. Nilikwambia ni kwa muda tu, mpaka nijipange, na sasa nimejipanga. Umekuwa mlezi wa muda ambaye hata mama mzazi angekuonea wivu. Sasa na wewe upumzike, urudishe chumba chako cha nyuma, wateja wajaribishe nguo zao bila kuruka midoli.

Mwandae taratibu. Mwambie anakwenda kwa mama yake. Msalimie fundi viatu hapo barazani, mwambie kile kiatu alichonishonea bado kinatembea.

Mdogo wako anayekupenda

*

Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ulikuwa mzima mpaka nilipofika katikati ya barua yako. Pini hajambo, jino la mbele limeng'oka na sasa anaongea kwa mluzi. Fundi viatu amezipokea salamu.

Hongera ya kazi. Naitoa kwa moyo mmoja, na naitoa hapa mwanzoni ili isichanganyike na yanayofuata.

Mlezi wa muda! Nimelisoma nikaweka mkasi chini. Fundi viatu akachungulia akaniuliza, "Dada, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna tusi, tena limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Wewe umekulia chini ya cherehani ya mama kama mimi. Kitu cha muda unakijua. Ukitaka kushikiza nguo unapiga bandi: unachukua uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi, makusudi uonekane, unashona kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa, na mwisho hufungi fundo. Mteja anajaribisha, unaona bega limekaa, unapitisha mashine, kisha unauvuta ule uzi mweupe unatoka wote. Umeshikiza asubuhi, jioni umetoa. Sasa nionyeshe fundi aliyeacha bandi kwenye nguo miaka minane. Nguo inavaliwa, inafuliwa, inapigwa pasi, inachezewa, halafu mwenyewe anarudi kumwambia fundi, asante sana kwa ile bandi yako. Mtu wa namna hiyo mimi ningempiga na ubao wa pasi.

Na usidhani neno lako limekaa humu ndani bure. Limefanya kazi kuliko mimi. Pini analala kwenye kitanda cha kukunja, kile cha chuma kinachobana vidole. Kwa nini? Kwa sababu ulipomleta, akiwa bado anatambaa, ulisema miezi sita, na hakuna mtu anayenunua kitanda cha miezi sita. Miezi sita ilipoisha ukasema mwaka mpya. Mwaka mpya ulipofika ukasema mkataba. Kila nilipovaa viatu niende kwa seremala, simu yako ilinitangulia: "Usihangaike dada, namchukua karibuni." Nikavua viatu. Magauni yake yote upindo nimeushikiza kwa mkono, nikisema mama yake atataka kuyarefusha mwenyewe. Nyumba zote za mtaa huu zina alama za penseli ukutani za watoto wanavyorefuka. Kwangu hakuna hata moja. Niliona nikianza kuweka alama nitakuwa najimilikisha mtoto wa mwenzangu.

Na huyo seremala. Alitaka kuleta posa, unakumbuka. Nikamwambia asubiri kidogo, nina mtoto wa watu ndani, akishachukuliwa tutazungumza. Alisubiri kuliko wanaume wengi wanavyosubiri. Sasa ana mke na mapacha, na mke wake ni mteja wangu, ana kiuno chembamba na maneno mengi. Baba yake Pini simtaji, maana huyo hata kwa muda hakuwepo.

Sijamwambia mtoto kitu. Nitamwambiaje? Hilo neno mimi siwezi tena kulitoa mdomoni.

Dada yako

*

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hasira zilipungua ulipolamba bahasha. Zangu hazijapungua, kwa hiyo nivumilie. Afya yangu ni nzuri.

Nimekuandikia habari njema, umenirudishia mashtaka. Basi nijitetee.

Unadhani hilo neno nililitunga? Nililishwa, dada. Mkataba wa miezi mitatu unaisha, wanasema subiri, wanakupa mwingine wa miezi mitatu. Kila mara meneja anasema hivyohivyo, kwa muda, mpaka tuone. Nilipokwambia karibuni, nilikuwa nimeambiwa karibuni. Nilikupitishia nilichopewa, na mimi nilikuwa nakiamini kuliko wewe, kwa sababu nisingekiamini nisingeamka.

Unajua lile zulia? Linakuja jipya, jekundu, linajaza ukumbi mzima. Mimi nilikuwa natambaa kwa magoti nikilibandika chini kwa utepe wa gundi. Watu wanalikanyaga siku tatu. Wakishaondoka tunalikata kwa visu, tunaliviringisha, tunalitupa kwenye pipa kubwa nyuma ya ukumbi. Zulia zima kabisa, dada, halina hata doa! Mara ya kwanza niliomba kipande cha kuweka chini ya miguu yangu chumbani, wakanicheka mpaka nikacheka na mimi. Na hicho chumba nililala na wanawake wengine watatu, pazia katikati. Ningemleta Pini akae wapi? Nyuma ya pazia?

Kitanda usinibebeshe. Nani alikuzuia kununua kitanda? Simu? Simu ilikushika mguu? Na seremala vilevile. Kama ulimtaka ungemwambia ndiyo, ukapata mume na Pini akapata kitanda cha bure.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jino lake la kwanza nililiona kwenye picha. Hatua yake ya kwanza ulinisimulia, ukaicheka, na mimi nikaicheka huku nimejifungia chooni kazini. Siku aliyoanza shule nilikuwa juu ya ngazi nafunga taa, simu inalia mfukoni na siwezi kuishika. Na kila Jumapili mwanangu ananiambia nini? "Shikamoo mama, sisi hatujambo, hofu ni kwako." Hofu ni kwako! Mtoto wa miaka tisa! Nani amemfundisha kuongea na mama yake kama anasoma barua ya mzee? Umemfanya aniheshimu tu, hukumfanya anizoee. Umenisahaulisha kwake, na sasa unalia kwamba nakuja kumchukua.

Tiketi nimeshakata. Tarehe kumi na tatu Agosti nitakuwa mlangoni kwako. Nakuomba nimkute anajua.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wote hatujambo, cherehani tu ndiyo inakohoa.

Kwa kitanda umenikamata. Hakuna aliyenizuia. Nimelifikiria jambo hilo nikishona mapazia ya mtu, na pazia moja nimelishona ndani nje. Niliamini ulichosema kuliko mtu anavyomwamini kuhani au hakimu, basi, na sitaki unionee huruma. Pole ya chooni naitoa pia, hukuwahi kuniambia.

Lakini kwamba nimekusahaulisha kwake, hapo umenitia kidole jichoni na sinyamazi.

Alipoanza kusema, neno la kwanza alilosema akinitazama usoni lilikuwa "mama". Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikaacha. Nikamwambia, "Mimi mama mkubwa. Mama yule pale," nikamnyooshea picha yako iliyo juu ya kabati la vitambaa. Akasema tena. Nikamsahihisha tena. Akiugua homa ananiita mama, na mimi namwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso huku namsahihisha, mtoto anatetemeka! Shuleni mwalimu alimwambia, "Mpe mama yako karatasi hii." Pini akamjibu, "Sina mama hapa. Nina mama mkubwa. Mama anakuja." Mwalimu akanitazama kama mtu anayemfungia mtoto stoo. Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi kazi nimeifanya, na jina nikakutunzia wewe, safi, limekunjwa, halijavaliwa. Halafu unaniandikia kwamba nimekuibia!

Zile salamu za Jumapili ndiyo, nilimfundisha mimi. Unampa mtoto wa miaka minne simu, unamwambia ongea na mama, anaitazama simu, anakutazama wewe. Nikampa maneno ya kuanzia ili usije ukakutana na kimya. Nilijua ukikutana na kimya utalia kazini, na kumbe ulikuwa unalia vilevile.

Njoo umchukue. Ni mwanao, sitamficha uvunguni. Nitamwandaa, nitamsuka, nguo zake nitazipiga pasi zote. Nakuomba jambo moja tu. Usimwambie ni kwa muda. Mwambie anahama. Atalia, mwache alie, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimelala na neno hilo miaka minane na najua linavyomfanya mtu. Unakaa umevaa viatu. Hununui kitanda. Mtoto asiingizwe humo.

Kwa hilo moja nitakusamehe hata mlezi wa muda.

Dada yako

*

Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Ujumbe wako kwamba mmefika salama niliuona. Sikujibu kwa sababu mikono ilikuwa inaandika mambo ambayo mama yetu asingependa kuyasoma. Mimi mzima. Hujaniuliza, nimejijibu.

Nilikuomba jambo moja!

Nilikuwa nimesimama palepale barazani, futi kamba shingoni, na fundi viatu ni shahidi wangu. Pini ameshika mlango wa teksi hataki kuingia. Halii, amekaza tu vidole. Dereva anatazama saa yake. Na wewe, niliyekuandikia karatasi nzima, wewe ukainama ukamwambia, "Ingia mwanangu. Ni kwa muda tu. Utarudi kwa mama mkubwa." Vidole vikalegea hapohapo. Akaingia, akafunga mkanda mwenyewe, akanipungia kama mtu anayekwenda dukani kununua vifungo.

Najua ulikuwa unaogopa kuchelewa ndege. Najua hukutaka mwanao alie mbele ya watu. Nakujua tangu ukiwa na kamasi, huwezi kuona mtu analia bila kumpa kitu, hata kama hicho kitu huna. Lakini umemdanganya mtoto kwa mdomo wa mama yake, na mimi ndiye niliyemfundisha kuuamini huo mdomo, kila siku, kwa kuonyesha picha.

Unajua aliniambia nini kupitia dirishani? "Mama mkubwa, usikunje kitanda changu."

Sasa kitanda kimekaa katikati ya chumba cha nyuma. Viatu vyake vya shule viko chini yake, kwa sababu atavikuta. Daftari la kuchora limeachwa wazi kwenye paka aliyemchora nusu, kwa sababu atammalizia. Ile sumaku yake ya kuokotea pini sakafuni, iliyompa jina, imening'inia kwenye msumari. Wateja wakiingia kujaribisha wanajigonga ugoko kwenye chuma, wananiambia, "Fundi, si ukikunje?" Siwezi. Nimesikia kwa masikio yangu kwamba anarudi. Ona mdomo wako ulivyo na nguvu, hata mimi ninayejua ni uongo nimekaa nangoja.

Mke wa seremala aligonga goti jana. Kwa hilo peke yake nakushukuru.

Usinipigie simu kwa sasa. Nitakapoweza nitakwambia.

Dada yako

*

Tarehe 14 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea. Umenyamaza wiki hizi zote na mimi nimeheshimu, lakini sasa siwezi. Pini mzima wa mwili, amenenepa kidogo, lile jino limeota. Mimi mwili mzima.

Dada, begi lake halijafunguliwa. Anatoa nguo moja, anaivaa, nikishaifua anaikunja anairudisha begini anafunga zipu. Kabati lina hanga tupu zinazogongana mtu akipita. Kitanda kile chenye droo analala juu ya shuka lililotandikwa, hafunui, anajifunika koti. Ukiingia asubuhi huwezi kujua kama kuna mtu amelala humo. Shuleni mwalimu anasema akili anazo nyingi, ila lugha ya huku hataki hata kuitamka. Jirani yetu wa ng'ambo ya ngazi, mwanamke mwema kabisa, alimuuliza kama anapapenda. Pini akanigeukia mimi. "Mwambie niko hapa kwa muda tu." Na mimi nikatafsiri, dada. Nilisimama pale nikatafsiri.

Tulipofunga mlango nilimfokea. Nimetambaa kwa magoti kwa ajili ya chumba hiki! Nimelala nyuma ya pazia kwa ajili ya chumba hiki! Nikamuuliza, "Nani amekufundisha kusema hivyo?" Alinishangaa kweli, hakuwa na kiburi hata kidogo. "Wewe, mama. Si ndivyo unavyosema?"

Jana ilikuwa sketi ya shule. Imemzidi urefu, nikamwambia nitaipeleka kwa fundi. Akasema, "Usishone. Shikiza tu. Mama atashona nikirudi." Nilidhani sikusikia vizuri. Hakusema mama mkubwa. Nilingoja ajisahihishe, hakujisahihisha. Akafungua begi akatoa sindano na uzi mweupe, akakaa sakafuni akapiga bandi kuzunguka sketi nzima, sketi ya bluu iliyokoza, mishono mikubwa mikubwa, kichwa kimeinama upande kama wako. Mwisho hakufunga fundo. Leo ameivaa. Uzi mweupe unaonekana tangu ng'ambo ya barabara. Watoto wamemcheka na hajali, anawatazama kama abiria anavyotazama watu wa kituoni.

Ulinionya na sikusikia, na sitaki kukuandikia kurasa za kujilaani, hazitamfungulia begi. Nakuomba umwandikie wewe. Mwambie harudi, mwambie hapa ndipo nyumbani. Mimi nikimwambia ananisikiliza kwa adabu kisha anakwenda kukagua zipu. Wewe hujawahi kumdanganya, atakuamini. Na kama huwezi, niambie nimrudishe moja kwa moja. Nitamleta shule zikifungwa, nimwache, yaishe. Chagua wewe dada, mimi nimeshindwa.

Mdogo wako

*

Tarehe 1 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba, naipokea. Mgongo uko palepale ulipouacha. Nafurahi jino limeota, nilikuwa na wasiwasi litakuja upande.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kile kipande cha sketi nilimsomea fundi viatu, akasema ana vumbi machoni, akatoka nje. Kutofunga fundo nilimfundisha akiwa na miaka sita, alikuwa anafunga fundo kwenye kila kitu, hata nywele za midoli.

Sasa nisikilize vizuri. Umenipa mambo mawili nichague, na yote mawili nakurudishia.

La kwanza, unataka mimi nimwambie harudi. Yaani wewe ushone ovyo, mimi nije nifumue? Mtoto amebakiwa na mdomo mmoja anaouamini, unataka kuuazima uutumie mara moja, kisha abaki hana hata huo. Sitaki. Hata ukija kupiga magoti hapa barazani, sitaki.

La pili, unataka kunirudishia. Mtoto ni zulia lenu? Ameshakanyagwa siku zake, basi aviringishwe? Unadhani kelele zangu zote za mwaka huu nilikuwa nataka unirudishie? Ndiyo, namtaka. Namtaka sasa hivi ninavyoandika, na kila jioni nikifunga duka nageuka kumwambia ashike taa. Lakini sikukasirika kwa sababu umemchukua. Nilikasirika kwa sababu miaka minane mtoto huyu amewekwa bila kukaribishwa akae. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye hata jembe hatukumpa, wewe kwa ahadi zako na mimi kwa kuzisubiri. Sasa anajua kukaa hivyo tu. Ndiyo maana hafunui shuka.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Juzi nilivaa viatu nikaenda kwa seremala na hakuna simu iliyonitangulia. Mke wake alikuwepo na goti lake, mapacha walikuwepo. Nikamwambia nataka kitanda. Akauliza, "Cha nani tena dada? Mtoto si ameondoka?" Nikamwambia ndiyo, nimechelewa, na wewe unajua ninavyochelewa. Mke wake alicheka kuliko yeye. Nikamwambia asikiunganishe karakanani. Alete mbao, akiunganishe humuhumu chumbani, kwa gundi na misumari, kiwe kipana kuliko mlango. Amekimaliza jana. Alipokusanya nyundo zake akakipiga teke, akaniambia, "Hiki hakitoki humu mpaka uvunje ukuta." Nikamwambia sasa tumeelewana.

Kile cha kukunja nimempa fundi viatu apumzikie mchana. Kimeshambana vidole mara mbili.

Sasa kazi yako. Kaa naye sakafuni, ufungue begi mbele yake, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, maana uongo ulitoka humo na ukweli utoke humohumo. Mwambie ulimdanganya siku ile ya teksi. Atakasirika, na ana haki. Kisha mwambie hapo ni kwake, alale ndani ya shuka na alichafue. Na hapa ni kwake, kitanda kipo, paka wake bado ni nusu. Shule zikifungwa unamleta, zikifunguliwa anarudi, na hakuna upande anaoishi kwa muda. Neno hilo mimi na wewe tusimtamkie tena, hata tukizungumzia mvua.

Ile sketi usiifumue. Tafuta mashine, mshike mkono mpitishe mshono pembeni ya bandi. Mkipita juu yake uzi utanasa, utaisumbua nguo bure. Mkimaliza, mwache auvute ule uzi mweupe mwenyewe.

Na akiniita mama tena, mimi kusahihisha nimechoka. Ukisikia, uzoee. Nafasi ipo ya wote wawili, hata seremala amesema kitanda kinabeba.

Aliniuliza kipimo, huyo seremala. Alitaka kujua mtoto ana urefu gani. Nilitazama ukutani kutafuta alama, kumbe nilishakwambia, hakuna. Nikamwambia aachane na mtoto. Apime mtu mzima, kisha aongeze na nafasi ya miguu.

Dada yako,
na mama yake